Kati ya 289 na 307

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Desemba, karani wa Ofisi ya Elimu ya Wilaya ya Nne alifungua dirisha na kuanza kuita majina. Wazazi waliokuwa kwenye foleni tangu alfajiri walipokea kila mmoja bahasha ya kaki, na kila mmoja alichovya dole gumba kwenye wino kuthibitisha kwamba amepokea ripoti ya mtoto wake na kwamba ameielewa. Uthibitisho wa kuelewa ulichukuliwa kabla bahasha haijafunguliwa. Utaratibu huo ulikuwa umeokoa muda mwingi.

Zawena Mapunda, mpishi wa hospitali ya wilaya, alifungua ya kwake akiwa bado kwenye ngazi. Ndani mlikuwa na karatasi moja nzuri, yenye nembo ya taifa na mstari mrefu wa rangi tatu: nyekundu kushoto, njano katikati, kijani kulia. Juu ya njano palichorwa kitone, na chini ya kitone paliandikwa: Hidaya Mapunda, 298. Chini zaidi, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba alama halisi ya mtoto iko kati ya 289 na 307.

Alama ya kuingia sekondari ilikuwa 300.

Zawena alisoma mara mbili, kisha akamuuliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake kama mtoto mwenye ripoti ya namna hiyo amepita au hakupita. Yule mwanamke aliutazama mstari, akakitazama kitone, akajibu kwa upole kwamba cha kwake kiko kwenye kijani, kwa hiyo hakuona haja ya kusoma maneno.

*

Inafaa kueleza jinsi upana ulivyoingia katika ripoti za nchi hiyo, kwa sababu watu wasioitakia mema wamesema mengi yasiyo sahihi.

Zamani ripoti ya Mtihani wa Taifa ilikuwa na namba moja tu. Mtoto alipata 298, akashindwa, akalia, akatafutiwa kazi. Kisha walikuja wataalamu wa vipimo na ushauri ambao haukuwa na kasoro yoyote. Walisema hakuna mtihani unaopima kwa usahihi kamili. Mtoto yule yule akifanya mtihani wa aina ile ile siku nyingine anaweza kupata juu kidogo au chini kidogo, kwa hiyo ni uungwana kuandika, pamoja na namba, upana ambao huenda alama halisi imo ndani yake. Walieleza hayo kuanzia asubuhi, wakala chakula cha mchana, wakaenda uwanja wa ndege.

Waziri wa Elimu na Uhakika alibaki na upana. Alikuwa mtu makini, na jambo hilo lilimsumbua. Aliliambia Bunge kwamba taifa linalojiheshimu haliwezi kuwa na maelfu ya raia wadogo ambao serikali yenyewe imeandika, kwa karatasi yenye nembo, kwamba haijui wako wapi.

"Kama mtoto yuko kati ya 289 na 307," alisema, "basi mahali fulani hapo katikati yupo. Hawezi kuwa kote. Kazi ya serikali ni kwenda kumkuta."

Wabunge walipiga meza kwa muda mrefu. Sheria ilipitishwa siku hiyo hiyo bila kusomwa mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa imesomeka vizuri.

Sheria hiyo iliunda Baraza la Kuhitimisha Alama katika kila wilaya. Mtoto ambaye upana wake ulivuka mstari wa 300 angefunguliwa shauri, na ofisa aitwaye Mhitimishaji, baada ya kupima ushahidi, angetamka alama yake halisi. Ushahidi ungetolewa kwa kiapo na watu wanaomfahamu mtoto. Karatasi za majibu zisingepokelewa, kwa kuwa ndizo zilizoleta shaka hapo mwanzo. Mtoto mwenyewe asingesema, kwa kuwa ana maslahi. Asingeulizwa pia swali lolote la somo, kwa kuwa kumuuliza swali ni kumpa mtihani, na mtihani huo mpya ungekuja na upana wake.

Serikali iliajiri wakili wa kutetea alama ya chini. Familia ilikuwa huru kutafuta wakili wake wa kutetea alama ya juu. Alama ya katikati, yaani ile ambayo mtoto aliipata, haikuwa na mtetezi.

Wananchi walitambua mapema kwamba ripoti za watoto wa wakurugenzi, na wa wote walio juu ya wakurugenzi, hazikuwa na upana wowote. Wizara ilipoulizwa ilieleza kwamba watoto hao walipimwa kwa karibu zaidi.

*

Hidaya alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mtihani wa Taifa haukurudiwa. Wasichana wasiofika 300 walipelekwa Chuo cha Huduma, walikofundishwa kwa miaka mitatu kutandika vitanda vya hoteli, na baada ya hapo hakukuwa na mtihani mwingine ambao ungewarudisha darasani. Zawena mwenyewe alikuwa amepita chuo hicho. Alijua kutandika kitanda kiasi kwamba sarafu ikidondoshwa juu ya shuka inaruka, na hakuwahi kulala katika kitanda cha namna hiyo.

Jioni ya siku ya bahasha alikuja mdogo wake, Ngwali, dereva wa lori la kokoto. Hakukuwa na fedha ya wakili, hivyo Ngwali alisema ataitetea alama ya juu yeye mwenyewe. Alikuwa ameshindana na askari wa barabarani kwa miaka mingi na alijiona ana uzoefu. Aliketi, akaomba maji, akauliza swali la maana: watu wa mtaani wanasema nini kuhusu Hidaya?

Zawena aliinuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Msomaji asiyetoka mtaa wa Mabatini anahitaji maelezo hapa. Mabatini mtoto hasifiwi. Anapozaliwa, wageni huja na sabuni na khanga, humfunua uso, husema, "Kabaya haka," na mama hushukuru. Mtoto mnene huambiwa amekonda. Mwenye sauti nzuri huambiwa anapiga kelele. Sifa ikitamkwa hadharani huita kijicho, na kijicho hakimwachi mtoto alivyo. Mtu akijisahau akasifu, walio karibu hutema mate kidogo pembeni na kuharakisha kusema kinyume, kama watu wanaozima cheche iliyoangukia mkeka. Hakuna aliyewahi kudanganyika. Kila mtu alijua maana ya maneno hayo, kama ajuavyo kwamba "karibu chakula" si lazima iwe na maana kwamba chakula kinatosha.

Zawena alikuwa na sababu ya kushika desturi hiyo kuliko wengine. Kabla ya Hidaya alikuwa na mtoto wa kiume, mnene, ambaye mgeni mmoja alimsifu mlangoni. Mtoto huyo hakumaliza mwezi. Cheti cha hospitali kilitaja malaria. Zawena alikuwa amekisoma cheti.

Kwa hiyo Hidaya alipoongoza darasa la kwanza, mama yake alikwenda bombani akawaambia wenzake kwamba mtoto ni mzito wa kichwa na mwalimu anamhurumia. Alipoongoza darasa la tatu, kichwa kilikuwa jiwe la kusagia nafaka. Mwaka alioshinda zawadi ya hesabu ya wilaya nzima, Zawena alitangaza kwamba mtoto huyo ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Hapakuwa na mtoto Mabatini aliyepondwa na mama yake kama Hidaya, na mtu mwenye kufikiri angeweza kupata hapo kipimo kizuri sana cha akili yake. Baraza, hata hivyo, halikuwa na kanuni ya kugeuza maneno kuwa kinyume chake.

Ngwali alimsikiliza dada yake akieleza aliyoyasema bombani mpaka mwisho.

"Basi nenda kawaambie," alisema. "Shoga zako hao. Waambie ukweli."

"Niwaambie nini? Kwamba mwanangu ana..." Zawena aliutazama mlango. Hakumaliza neno.

"Dada, neno hilo hilo ndilo tunalolihitaji mahakamani."

"Wewe huna mtoto, Ngwali."

Hidaya alikuwa chumba cha pili, na kuta za nyumba hiyo zilikuwa za mbao. Kwa mujibu wa mama yake, alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa jirani kugawanya kwa desimali, na sauti yake haikubadilika.

*

Wazo la Ngwali lililofuata lilikuwa kuwaomba majirani wasihudhurie. Alichelewa. Wakili wa alama ya chini, kijana nadhifu aitwaye Kasindi, alikuwa ameshafika Mabatini. Alikaa bombani kwa muda wa kujaza ndoo chache, akauliza maswali kwa adabu, akaondoka na majina ya karibu wanawake wote wa mtaa. Hati za wito zilifuata. Zilieleza kwamba shahidi atasema tu yale aliyoyasikia kwa masikio yake, na kwamba kusema uongo mbele ya Baraza ni kifungo.

Ngwali alimwendea Bibi Chiku, muuza vitumbua, mzee kuliko wote pale bombani na aliyempokea Hidaya alipozaliwa. Alimkuta jikoni. Alimwomba, kama anaweza, asahau baadhi ya mambo.

Bibi Chiku aliendelea kugeuza vitumbua. Alisema yeye ataapishwa kwa msahafu, na akiapishwa atasema alichosikia, hana njia nyingine. Alisema pia kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto ni wake kama alivyo wa Zawena, na hatakubali apatwe na baya mbele ya macho ya watu wengi namna ile. Ngwali aliondoka akiwa ametiwa moyo. Baadaye alikiri kwamba hakuuliza ni baya lipi.

*

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa wilaya, ambao bado ulikuwa na maua ya karatasi ya harusi ya Jumamosi. Mhitimishaji, Daktari Bartolomayo Kisaka, aliketi kwenye kiti cha bwana harusi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kirefu. Wanawake wa Mabatini walijaza mabenchi. Waliokosa nafasi walisimama nje ya madirisha. Hidaya aliwekwa peke yake kwenye kiti cha pembeni, chini ya kibao kilichoandikwa MHUSIKA, akakumbushwa kwamba asiseme, asitikise kichwa, na asionyeshe kwa uso.

Daktari Kisaka alifungua kwa hotuba. Alisema katika nchi nyingine mtoto huachwa ahangaike na namba ambayo hata waliompa hawana uhakika nayo, lakini hapa serikali humshika mkono na kumtembeza mpaka kwenye alama yake. Alisema Baraza halina upendeleo. Lilikwisha kuhitimisha mashauri mengi, na wale waliotamkiwa alama ya chini waliondoka wakiwa na kitu ambacho hawakuwa nacho walipoingia, yaani uhakika. Makofi yalipigwa, yakaandikwa.

Mwalimu wa darasa aliitwa kwanza. Alisema kwamba kwa anavyomjua yeye, Hidaya ni wa 307 au zaidi. Wakili Kasindi alimuuliza amejuaje. Mwalimu alijibu kwamba alimpa mazoezi akayasahihisha. Kasindi alikaa chini bila kusema zaidi, na Daktari Kisaka akaagiza ushahidi huo ufutwe, kwa kuwa ulitokana na mitihani midogo isiyo na kibali.

Kisha aliitwa Bibi Chiku. Aliapa. Kasindi alimpa kiti na kumuuliza kama hewa inamtosha.

"Mtoto huyu unamfahamu tangu lini, bibi?"

"Tangu yumo tumboni."

"Umewahi kumsikia mama yake akizungumzia akili yake?"

Bibi Chiku alimtazama Zawena, kisha akayatazama madirisha, ambako sasa kulikuwa na watu asiowafahamu. "Nimesikia."

"Alisema nini?"

"Alisema hana kitu kichwani. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ashukuru. Wa kwangu hata kiberiti haleti."

Ukumbi ulicheka. Karani aliandika: kicheko, cha kukubali.

Ngwali aliinuka kuuliza maswali. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine na aliongea taratibu kuliko kawaida yake. Alimuuliza Bibi Chiku ni nani humsomea maandishi ya dawa zake za presha, zile za asubuhi na zile za jioni. Bibi Chiku alisema ni Hidaya. Ngwali alimuuliza kama Hidaya amewahi kukosea.

"Mimi niko hai, mwanangu," alisema Bibi Chiku.

Ngwali aliliomba Baraza lizingatie jibu hilo. Daktari Kisaka alilizingatia, akaona kwamba kuwa hai si somo linalotahiniwa.

Waliofuata walisema yale yale kwa maneno tofauti. Mmoja alisikia habari ya jiwe la kusagia, mwingine ya mwalimu mwenye huruma. Mmoja, aliyeonekana kuwa na moyo mwema sana, aliongeza kwa hiari yake kwamba Hidaya pia ni mvivu. Kila mmoja aliposhuka jukwaani alimgusa Zawena begani alipompita, na Zawena aliitikia kwa kichwa. Aliyewaona kwa mbali angedhani ni msiba.

Adhuhuri ilipita. Wakili Kasindi alisema hana shahidi mwingine isipokuwa mama mzazi.

*

Zawena aliapa kwa sauti isiyosikika vizuri, akaapishwa tena. Safari hii Daktari Kisaka aliuliza mwenyewe. Alitaka kujua kama maneno yaliyotajwa aliyasema. Zawena alikubali kwamba aliyasema, yote, na mengine ambayo mashahidi wameyasahau.

"Yalikuwa kweli?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa hiyo uliwadanganya majirani zako miaka yote hiyo."

"Hapana, mheshimiwa. Sikuwadanganya."

"Kama hukuwadanganya, yalikuwa kweli."

"Hayakuwa kweli."

Daktari Kisaka alivua miwani. Alimwambia karani aandike kwamba shahidi naye ana upana. Kisha alizungumza kwa upole, na waliokuwepo wanasema upole huo ulikuwa wa kweli. Alimwambia Zawena kwamba yeye si mtu wa kukomoa watoto. Anachohitaji ni kauli moja ya mama, iliyonyooka, isiyo na huku wala huku, mbele ya watu hawa hawa waliosikia zile za zamani. Akiitoa, Baraza litaipima dhidi ya zile nyingine, na kwa uzoefu wake kauli ya mama chini ya kiapo ina uzito mkubwa.

"Sema, ukumbi wote usikie," alisema. "Mtoto wako ni mtoto wa namna gani?"

Zawena alishika ukingo wa meza. Madirishani watu walikuwa wamesogeana, na katika nyuso hizo nyingi zilikuwa za mitaa mingine, nyuso ambazo hazikujua lolote kuhusu nyumba yake. Alizitazama moja moja. Karani aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Ngwali alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

Hidaya alimtazama mama yake. Hakutikisa kichwa. Hakuonyesha kwa uso. Alikuwa ameng'ata ukosi wa shati lake la shule, na ofisa wa nidhamu aliyesimama karibu naye alijiuliza kama hilo linakatazwa, akaona kanuni haisemi.

"Ana akili," alisema Zawena.

Karani aliomba arudie, hakusikia.

"Hidaya ana akili." Sasa sauti ilitoka. "Ana akili kuliko watoto wote wa Mabatini, na kuliko mimi, na kuliko baba yake aliyekufa. Alisoma gazeti la kufungia mkate kabla hajaanza shule. Nilimpiga ili aache kusoma mbele za watu. Huyo mwanangu ana akili sana, mheshimiwa, na mimi nilijua siku zote."

Baada ya hapo aliufunika mdomo wake kwa mikono miwili.

Kisha Bibi Chiku aliinuka kwenye benchi la mbele. Kwa umri wake aliinuka haraka. Alitema mate kidogo pembeni, mara mbili, akanyoosha kidole kwa Hidaya, na kusema kwa sauti iliyofika nje:

"Mbaya huyo. Hana lolote."

"Hana lolote," alisema mwanamke aliyekuwa karibu naye, akatema.

Ukumbi mzima uliinuka. Walisema zuzu huyo, kichwa maji, mjinga wa kuzaliwa, hajui moja wala mbili. Walisema kwa haraka, mmoja akimpokea mwingine, hawakuacha mwanya. Wanaume wachache walisema pia. Wanawake wa madirishani, ambao hawakumjua Hidaya hata kwa jina, walikuwa wamezaliwa katika mitaa ya namna ile ile, nao walimponda kwa moyo wao wote. Mmoja alilia huku akimwita punguani. Aliyeketi karibu na Wakili Kasindi anasema kwamba wakili alikuwa ameinamia makaratasi yake, na midomo yake nayo ilikuwa ikicheza pamoja na yao.

Zawena aliitoa mikono mdomoni. Mabega yake yalishuka. "Ahsanteni, mama zangu," alisema.

Karani aliandika yote, pamoja na shukrani.

*

Ngwali aliomba nafasi ya kueleza desturi ya mtaa. Alipewa. Alieleza vizuri, kuanzia mtoto mchanga mpaka mkeka na cheche, na Daktari Kisaka alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Mhitimishaji alimuuliza kama anataka Baraza liamini kwamba watu wazima wa wilaya hii, wengi kiasi hiki, husema hadharani kwa pamoja kinyume cha wanachokijua moyoni.

Ngwali alisema ndiyo.

"Fikiri kabla hujaendelea," alisema Daktari Kisaka. "Mimi mwenyewe nimekaa jukwaa kuu katika mikutano ya Mheshimiwa Rais kwenye wilaya hii. Nimesikia wananchi wakishangilia. Unataka niandike kwamba shangwe zile nazo hazieleweki?"

Ofisa wa nidhamu aliacha kumtazama Hidaya, akamtazama Ngwali. Wakili Kasindi alifunga kalamu yake.

Ngwali alisema hapana, mheshimiwa, hakuwa na maana hiyo. Akaketi.

Daktari Kisaka alitamka uamuzi akiwa amesimama. Alisema katika kazi yake yote ya kuhitimisha hajaona ushahidi wa umma uliokubaliana namna hii, tena bila kuulizwa. Alisema kauli ya mama ameiheshimu, lakini mama mwenyewe, mara tu baada ya kuitoa, aliwashukuru waliompinga. Kwa hiyo Baraza limemkuta mtoto Hidaya Mapunda mahali alipokuwa tangu mwanzo, na mahali hapo ni 289.

Mhuri uligongwa. Mtambo uliokuwa nyuma ya pazia la harusi ulitoa ripoti mpya papo hapo. Kitone sasa kilikuwa kwenye nyekundu. Karani aliikabidhi kwa Hidaya, ambaye tangu wakati huo aliruhusiwa kusema, na hakusema. Aliisoma yote, hata herufi ndogo. Mtambo haukuwa umeelezwa kwamba alama hiyo ni ya uhakika, na ulikuwa umeandika, kama kawaida yake, kwamba alama halisi ya mtoto iko kati ya 280 na 298.

Aliikunja, akampa mama yake, wakaelekea mlangoni, Ngwali nyuma yao. Wanawake waliwapisha njia katikati ya mabenchi. Hidaya alipopita, kila aliyekuwa karibu alimgusa kichwani na kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba ni mbaya.